Mume wangu anasema ugonjwa wa mtoto umetoka kwetu

*Shangazi, mwanangu wa pili alivimba vidole vya mikono na miguu, akawa analia usiku kucha. Alipopimwa akakutwa na selimundu (sikoseli). Mume wangu anasema kwao hakuna ugonjwa huo, kwa hiyo ama nimeuleta kutoka kwetu, ama mtoto si wake. Mkubwa wetu ni mzima. Muuguzi alituambia uwezekano ni mmoja kati ya wanne. Mama yangu naye anasema huyo mmoja ameshapita, sasa nizae bila wasiwasi. Nimsikilize nani? – Mama wa Wawili*

Pole sana, mwanangu. Kuuguza mtoto huku unashtakiwa ni mzigo juu ya mzigo. Nianze na hilo shtaka.

Kila mtu ana jeni mbili, yaani maelekezo ya mwili yanayorithiwa, za kutengeneza sehemu fulani ya himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu: moja kapewa na mama, nyingine na baba. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) ya 11, na kasoro ya selimundu ni badiliko la herufi moja tu ya DNA. Aliyerithi jeni moja nzima (A) na moja yenye kasoro (S) huandikwa AS. Anaibeba, ila haugui selimundu. Aliyepata yenye kasoro kutoka kwa mama na kwa baba ni SS, na huyo ndiye mgonjwa. Basi tazama cheti cha mwanao. Kama kimeandikwa SS, wewe peke yako usingeweza kumpa ugonjwa huo. Nusu imetoka kwako, nusu kwa baba yake mzazi.

Mumeo anaposema kwao hakuna, huenda anasema anachokijua kwa dhati. Mwenye AS anaweza kulima, kucheza mpira, kuzaa na kuzeeka bila kujua ana nini. Jeni inapita kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu kimya kimya, mpaka siku AS anapooana na AS mwenzake. Na kabla vipimo havijaenea, watoto wengi wenye SS walifariki wadogo, ikasemwa ni homa tu. Tena jeni hii haikuenea kwa laana ya ukoo wowote: mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha kwamba watoto wenye AS wana kinga kiasi dhidi ya malaria. Waliokuwa nayo moja walinusurika, wakairithisha.

Yapo magonjwa ya kurithi ambayo mtoto wa kiume huyapata kwa mama yake, kama himofilia (damu kutoganda vizuri), kwa sababu jeni yake iko kwenye kromosomu X na mvulana hupewa X na mama. Yapo pia, kama ugonjwa wa Huntington unaoharibu ubongo, ambayo jeni moja kutoka kwa mzazi yeyote inatosha. Selimundu haimo humo.

Kapimeni wote wawili. Ombeni kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kiitwacho elektroforesisi. Baadhi ya vipimo vya haraka huonyesha kwamba S ipo, lakini havitofautishi AS na SS. Mwambie mumeo mapema kwamba mnapima kwa ajili ya watoto, si kwa ajili ya kushindana. Na akikutwa hana S, msikimbilie kuhukumiana: kuna jeni nyingine, kama ya himoglobini C au ya beta-thalasemia, ambazo zikikutana na S huleta ugonjwa wa jamii hiyohiyo. Majibu yasomwe na daktari wa damu, si kwenye kikao cha ukoo.

Sasa hesabu ya mama yako. Anakutakia mema, lakini amekosea, na kosa hili limeumiza familia nyingi. Ikiwa nyote ni AS, kila mimba inaanza upya: uwezekano mmoja kati ya minne wa SS, miwili wa AS, mmoja wa mtoto asiyebeba kabisa. Sarafu iliyoanguka kichwa leo haijui itaangukaje kesho. Ndiyo maana kuna nyumba zenye wagonjwa watatu mfululizo, na nyingine zenye watoto sita, wote wazima. Mwanao hakulipa deni la wadogo zake.

Mkubwa naye apimwe. Kwa wazazi kama nyinyi, kati ya watoto wasio wagonjwa, wawili kati ya watatu ni AS. Hatahitaji dawa, ila ni haki yake kujua kabla ya kuoa au kuolewa.

Kuhusu kuzaa mtoto mwingine, sitakuamulia. Mimba inaweza kupimwa kuanzia wiki ya 11 hivi kwa kuchukua chembe za kondo, au kuanzia ya 15 kwa maji ya uzazi. Wengine hutungishia mimba maabara ili viinitete vipimwe kwanza. Wengine huridhika na watoto walionao. Ninalokusihi ni mzungumze kabla ya mimba, mkiwa wawili, na mtaalamu awepo.

Aliyepo hawezi kusubiri mpatane. Muulize daktari kuhusu penisilini ya kila siku, ambayo hutolewa angalau hadi miaka 5, chanjo ya nimonia, na haidroksiyurea, dawa inayopunguza mashambulizi ya maumivu. Anywe maji ya kutosha. Ombeni mfundishwe kupapasa bandama chini ya mbavu za kushoto, na baba yake ajifunze pia. Ikivimba ghafla na mtoto akapauka, au homa ikifika nyuzi 38, mpelekeni hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane.