Nozeli Inajifunga na Petroli Inamwagika: Je, Tangi Limeharibika?

SWALI: Gari langu la petroli, lililoagizwa kutoka Japani likiwa limetumika, linanitaabisha kila ninapojaza mafuta hapa Nakuru. Nozeli hujifunga yenyewe kila baada ya lita chache ilhali geji inaonyesha nusu tangi, na mhudumu akilazimisha, petroli hurudi juu na kumwagika ubavuni mwa gari. Fundi mmoja ameniambia ninunue tangi jingine. Je, nimsikilize?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue tangi kwa sasa. Dalili ulizozieleza zinaelekeza kwenye njia ya hewa. Petroli inapoingia, hewa na mvuke uliomo tangini havina budi kutoka kwa kasi ileile, na vikikosa pa kupitia, mafuta husimama kwenye shingo ya tangi. Karibu na ncha ya nozeli pana tundu dogo linalovuta hewa muda wote wa kujaza. Petroli au povu lake likiliziba, nozeli hujifunga.

Anza kwa kujaza katika kituo kingine, polepole. Tatizo likitoweka, nozeli ya kituo cha kwanza ndiyo mbovu, na msimamizi wake anapaswa kuarifiwa.

Likiendelea, jiulize kama tangi limewahi kushushwa hivi karibuni, pengine ili kubadilisha pampu iliyo ndani yake. Magari mengi ya soko la Japani yana bomba jembamba la hewa linalopanda sambamba na bomba la kujazia, na tangi likirudishwa kwa haraka, mpira wa bomba hilo hujikunja au kubanwa kati ya tangi na bodi. Hapo ndipo ningetazama kwanza, kwani dawa yake ni kuunyoosha mpira au kununua mwingine, gharama ambayo haikaribii hata kidogo ile ya tangi. Fundi akague pia kama bomba limezibwa na vumbi la barabara za murram au udongo wa nyigu, ambao hupenda mno matundu ya aina hiyo.

Sababu nyingine hutokana na mazoea yetu. Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, inapotangaza bei za mafuta zitakazoanza tarehe 15, wengi hukimbilia kujaza hadi shingoni. Petroli inayoongezwa baada ya nozeli kujifunga inaweza kupenya hadi kwenye kopo la mkaa linalonasa mvuke, na kopo likilowa, hewa hupita kwa shida. Isitoshe, petroli hupanuka: lita 40 zilizotoka baridi chini ya ardhi, zikipata joto la nyuzi 20 zaidi, huongezeka kwa takriban robo tatu ya lita, na nafasi hiyo utaihitaji ukiteremka kwenda kwenye joto la Kisumu.

Wakati ukitafuta chanzo, mkataze mhudumu kulazimisha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kuufikia moto ulio mbali na gari. Kwa sababu hiyohiyo, asiwepo fundi atakayelichomelea tangi hilo, hata akisema ni tupu, maana mvuke uliobaki ndio unaolipuka.

Ikithibitika kwamba kopo la mkaa limelowa petroli, libadilishwe, kuliosha hakusaidii.