Maswali ya Wasomaji: Dawa ya awali katika usafishaji wa mazulia kwa maji machache

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia kikundi kidogo kinachosafisha mazulia ya ofisi kwa njia ya maji machache, yaani tunapulizia dawa yenye polima, tunasugua kwa mashine, kisha tunaliacha zulia likauke bila kulisuuza. Sehemu zisizokanyagwa sana hutakata vizuri. Lakini kwenye mapito, hasa karibu na milango na mbele ya lifti, weusi hupungua tu, na baada ya wiki moja hivi hurudi. Wenzangu wanashauri tuanze kwa kupulizia sabuni kali ya kuondoa mafuta ya jikoni. Je, ushauri huo ni sahihi? Na dawa ya awali ikae kwa muda gani kabla ya kusugua?

JIBU: Ndugu msomaji, kwenye mapito dawa ya awali inahitajika kweli, ila sabuni ya mafuta ya jikoni naomba muiache huko huko jikoni. Anayesafisha kwa maji mengi hupiga maji ya moto na kuyavuta papo hapo, na sehemu kubwa ya dawa aliyotanguliza hutoka pamoja na maji machafu. Ninyi hamsuuzi. Chochote mtakachopulizia asubuhi, kisipotoka na pedi au brashi, jioni kitakuwa kimekaukia ndani ya nyuzi, kwa hiyo dawa yenu ya awali haina budi kupimwa kwa mambo mawili: inavyolegeza uchafu, na inavyokuwa ikishakauka. Sabuni nyingi za jikoni hufaulu katika la kwanza na kuanguka vibaya katika la pili, kwa sababu huacha utando unaonata ambao hukamata vumbi la kila kiatu kinachopita. Zaidi ya hayo, zile kali zenye sodiamu haidroksaidi huweza kuwa na pH (kipimo cha asidi na alkali, ambapo 7 ni katikati na juu yake ni alkali) inayopita 12, kiwango kinachoweza kuharibu rangi na nyuzi.

Nashuku kwamba utando wa namna hiyo tayari mnao. Weusi unaorudi una vyanzo viwili vikubwa, na tiba zake hazifanani. Ukijitokeza wakati zulia linakauka au kesho yake, kabla watu hawajalikanyaga sana, basi ni uchafu uliokuwa chini kwenye mashina ya nyuzi ambao umepanda juu pamoja na unyevu. Hapo mlilowesha kupita kiasi, au chini kulikuwa na kitu kilichomwagika zamani. Lakini ukirudi polepole kwa kufuata nyayo, kama unavyoeleza, mara nyingi ni mabaki ya dawa. Hakikisheni hivi: chukueni kitambaa cheupe kilichochovywa katika maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, msugue sehemu yenye weusi kwa nguvu kiasi, kisha mguse nyuzi kwa vidole. Povu likitokea, au nyuzi zikiteleza, kuna sabuni ya zamani humo. Katika hali hiyo ninashauri mapito hayo yasuuzwe mara moja kwa mashine ya kuvuta maji, hata kama ni ya kukodi, ndipo muendelee na njia yenu ya kawaida. Kuongeza dawa mpya juu ya mabaki hayo ni kuongeza mabaki.

Dawa ya awali ifaayo ni ile iliyotengenezwa itumike pamoja na dawa ya polima. Ikikauka, polima hugeuka chembe ngumu zinazovunjika kwa urahisi, zikiwa zimeufungia uchafu ndani, na mashine ya kuvuta vumbi huziondoa katika usafi wa siku zinazofuata. Dawa ya awali isiyopatana nayo huifanya ibaki laini na yenye kunata, na faida yote hupotea. Kabla ya kununua dumu zima, fanyeni jaribio la kisahani. Changanyeni dawa zote mbili katika kisahani cha kioo, kila moja ikiwa imezimuliwa kama mnavyoitumia kazini. Mchanganyiko ukikatika kama maziwa yaliyoganda au ukatoa mashapo, msiendelee. Huenda moja ina chaji hasi na nyingine chaji chanya, nazo hazikai pamoja. Ukitulia, uacheni ukauke kabisa, hata kama itachukua siku nzima au zaidi, kisha mkwangue kwa ncha ya kisu. Unaotakiwa hubanduka kwa magamba makavu na kuwa unga ukifikichwa kati ya vidole. Ukivutika au ukashika kidole, hivyo hivyo utakavyoshika vumbi zuliani.

Sasa muda. Mwaka 1959 mkemia Mjerumani Herbert Sinner alieleza kwamba usafishaji wowote hutegemea mambo manne: dawa, joto, msuguano na muda, na kwamba ukipunguza moja sharti uongeze mengine. Anayesafisha kwa maji machache hana joto kubwa, wala maji ya kusukuma uchafu, hivyo tegemeo lake ni muda na msuguano. Nikiona mtu anapulizia na kusugua papo hapo, najua ametupa silaha yake bora. Kwa dawa nyingi dakika 10 hadi 15 zinatosha, lakini maelekezo ya lebo ndiyo yanayotawala. Dawa isikauke kabla ya kusuguliwa, kwani ikikauka hukoma kufanya kazi na uchafu ulioanza kulegea hushika tena. Zimeni feni zinazopuliza sakafuni kwa muda huo, na mpulizie eneo ambalo mashine yenu italimaliza ndani ya dakika hizo. Ukumbi mrefu ugawanywe vipande.

Kuhusu kiasi, tumieni pampu yenye pua inayotoa mpulizo bapa, kwa shinikizo dogo, na mpite kwa mwendo ule ule ili nyuzi zipate unyevu sawasawa kutoka ncha hadi kama nusu ya urefu wake. Bonyezeni kwa kiganja: mkono utoke na unyevu, usitoke na matone. Mapito peke yake ndiyo yapuliziwe dawa ya awali, si zulia zima.

Hayo yote ni bure ikiwa vumbi halikuvutwa kwanza, na hapa nasisitiza kwa sababu ndiyo hatua inayorukwa mno. Sehemu kubwa ya uchafu wa zulia ni chembe kavu za mchanga na udongo, na ukizilowesha umetengeneza tope ambalo dawa yako italazimika kupambana nalo kabla ya kuyafikia mafuta. Vuteni vumbi polepole, kwa kwenda na kurudi, kisha mkate kwa upande mwingine, na kwenye milango mrudie mara kadhaa. Wakati wa kusugua, geuzeni pedi mara inapoonekana nyeusi, kwa kuwa pedi iliyoshiba huhamisha tu uchafu kutoka hapa kwenda pale. Mwenye ofisi naye aelezwe kwamba asipovuta vumbi katika siku zinazofuata, zile chembe za polima zitabaki humo pamoja na uchafu zilioufunga.

SWALI: Je, dawa hiyo hiyo ya awali inafaa kwa zulia la sufu lenye mgongo wa juti?

JIBU: Si lazima ifae. Mafuta na masizi ya viatu hulegezwa vizuri na dawa yenye alkali ya wastani, na mazulia mengi ya nailoni yenye kinga ya madoa huivumilia mradi pH isizidi 10. Sufu ni dhaifu mbele ya alkali. Tafuteni dawa iliyo kati ya pH 4.5 na 8.5, na msugue kwa brashi laini. Kwa polipropilini tatizo ni jingine: haidhuriki upesi na alkali, lakini hung'ang'ania mafuta, hivyo huhitaji dawa iliyoongezwa kiyeyushi, kwa mfano kile cha maganda ya machungwa, kwa kiasi kidogo.

Juti nayo ikilowa sana hutoa rangi ya kahawia inayopanda hadi juu ya nyuzi, na zulia lenyewe linaweza kusinyaa. Punguzeni mpulizo, na baada ya kusugua mpitishe pedi kavu kunyonya unyevu uliobaki. Kabla ya yote, jaribuni rangi mahali palipofichika, kwa mfano nyuma ya kabati: wekeni dawa kidogo, mngoje muda ule ule mtakaoutumia kazini, kisha mkandamize kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya zulia, hata kidogo, dawa hiyo isitumike.