Muulize Fundi wa Sauti: Baba mdogo anaimba kinyumenyume

SWALI

Shikamoo fundi. Baba yangu mdogo alikuwa mpiga gitaa wa rock. Bendi yao ilivunjika kabla ya kutoa hata santuri moja, na sisi watoto tumekua tukisikia kwamba walirekodi demo, yaani rekodi ya majaribio, ya nyimbo nne ikapotea. Alipofariki, mimi niliachiwa gitaa na begi lake. Kwenye mfuko wa begi nimekuta kaseti iliyoandikwa kwa wino mwekundu: "Demo. Usifute." Nimeicheza. Upande A ni mlio mzito unaojikokota, kama besi na ngoma zilizolewa, na hakuna anayeimba. Upande B ndio balaa: mtu anaguna maneno yasiyo ya lugha yoyote. Mama amesema niitupe, hicho si kitu cha kukaa nacho ndani. Binamu yangu anasema tuipeleke mnadani kwanza. Je, utepe umeharibika? Sauti ya baba mdogo ndiyo imepotea?

Mtoto wa kaka mtu

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Mwambie mama hakuna shetani. Huyo anayeguna upande B ni shemeji yake.

Utepe wa kaseti haufiki milimita nne kwa upana, lakini umebeba mistari minne ya sauti iliyolala sambamba. Sisi mafundi tunaiita treki. Kwenye kaseti ya kawaida upande A unatumia treki mbili, kushoto na kulia. Ukiigeuza, utepe unakwenda mwelekeo wa pili na upande B unatumia mbili zilizobaki. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ikatoa mashine iitwayo Portastudio 144 iliyokwenda kinyume na desturi hiyo: ilirekodi treki zote nne kwa mwelekeo mmoja, na iliuendesha utepe kwa mwendo maradufu ili sauti iwe safi zaidi. Mtu asiye na hela ya studio akaweza kuweka ngoma, akarudi akaweka besi, kisha gitaa, kisha akaimba juu ya yote, akiwa chumbani kwake. Kampuni nyingine nazo zikatengeneza za kwao.

Sasa chukua kaseti ya namna hiyo uitie kwenye deki ya kawaida. Treki ya 1 na ya 2 zitatoka upande A, ila kwa nusu ya mwendo, oktava nzima chini. Treki ya 3 na ya 4 zitatoka upande B, polepole vilevile, na kinyumenyume. Barua yako imeyaeleza haya yote bila wewe kujua. Besi na ngoma ziko upande A. Gitaa na mwimbaji wako upande B, wanarudi kinyumenyume.

Wala si mashine ya wanyonge tu. Bruce Springsteen, mwanamuziki wa rock wa Marekani, aliitumia hiyo 144 mwanzoni mwa 1982, chumbani kwenye nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey, kurekodi demo za kuionyesha bendi yake. Kaseti akawa anatembea nayo mfukoni, haina hata kasha. Walipojaribu kuzirekodi upya studio na bendi nzima hazikumridhisha, na mwishowe ile demo yenyewe ndiyo ikatoka kuwa albamu ya Nebraska mwaka huohuo. Zile za bendi zilikaa kabatini hadi 2025. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii ni demo tu", muulize anamaanisha nini.

Turudi kwenye yako. Kwanza, usiicheze tena. Umeshaicheza mara moja na Mungu amekusaidia. Itazame ule ubavu usioonyesha utepe: kila kona ina kijisahani kidogo cha plastiki. Kama vyote viwili bado vipo, vivunje leo kwa ncha ya bisibisi. Vikivunjika, hakuna deki itakayokubali kurekodi juu yake, labda mtu azibe matundu kwa makusudi. Mimi nalijua hili kwa uchungu. Nikiwa bado mwanagenzi niliwekewa kaseti mezani, kidole kikaenda kwenye kitufe chekundu badala ya cha pembeni. Nilifuta sekunde mbili hivi. Zilikuwa zile sekunde ambazo mpiga dramu anagonga vijiti kuhesabu kabla ya wimbo kuanza, na mwenye kaseti alinisamehe kuliko ninavyojisamehe mwenyewe. Baba yako mdogo aliandika "Usifute" lakini huenda hakuvunja plastiki. Wanamuziki ndivyo walivyo.

Pili, chungulia katikati ya ule ubavu wa utepe. Utaona kipande kidogo cha sufi kilichogandishwa kwenye bati jembamba la shaba. Kazi yake ni kuukandamiza utepe kwenye kichwa cha kusomea. Gundi yake huzeeka, sufi ikadondoka, na sauti ikawa kama inatoka chini ya blanketi. Ikiwa haipo, fundi atauhamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine nzima. Ni kazi ya nusu saa kwa mkono uliotulia.

Tatu, tafuta mashine ya treki nne. Zipo bado, mikononi mwa wanamuziki wazee na wakusanyaji. Hakikisha ina mwendo sawa na ile iliyorekodi, na uulize kuhusu kipunguza kelele: ile 144 ilitumia Dolby, lakini nyingine nyingi za TEAC zilizofuata zilitumia dbx. Ukisoma dbx kwa mashine isiyo na dbx, sauti inakuwa kali, yenye mfoko, kila pigo la ngoma linavuta kelele nyuma yake kama pumzi ya mtu mwenye pumu. Ukiipata mashine sahihi, toa treki zote nne kwa mpigo mmoja kuingia kwenye kompyuta, kila moja faili lake, biti 24, bila kubana.

Usipoipata, deki nzuri ya kawaida itakuvusha. Isafishe kichwa kwa alkoholi, kisha rekodi upande A wote na upande B wote. Kwenye kompyuta ongeza mwendo mara mbili, upande B ugeuze mbele-nyuma, halafu zipange pamoja. Hapo ndipo jasho linapotoka, kwa sababu deki haiendi sawasawa mara mbili: utazipanga mwanzoni zikalingana, ukifika ubeti wa pili mwimbaji ameshamwacha mpiga dramu nyuma. Inabidi usogeze kidogokidogo, mstari kwa mstari. Na kabla ya hayo yote mwambie fundi anyooshe kichwa cha deki kwa ile skrubu ndogo iliyo ubavuni mwake huku anasikiliza matoazi. Robo ya mzunguko inatosha. Matoazi yatakuwa ya mchanga, ya mchanga, halafu ghafla yanang'aa. Hapo aache.

Nakuambia usikate tamaa kwa sababu moja. Mwishoni mwa miaka ya 1970 John Lennon alirekodi wimbo nyumbani kwake New York, yeye na piano, kwenye kaseti. Mjane wake akampa Paul McCartney kaseti hiyo mwaka 1994. Mwaka uliofuata wenzake watatu wa bendi ya Beatles walijaribu kuumalizia wakashindwa: piano ilimfunika mwimbaji, na juu yake kulikuwa na mvumo wa umeme. Sauti na piano zilikuwa zimeganda pamoja, huwezi kugusa moja bila nyingine. Ilibidi kungoja hadi 2022, programu ya kompyuta iliyotoka kwenye kazi ya filamu ya Peter Jackson ikamtenga Lennon na piano yake, na Now and Then ikatoka Novemba 2023. Miaka 27 ya kungoja kitu kimoja, sauti iliyojitenga na vyombo. Wewe unacho tayari. Baba yako mdogo anaimba peke yake kwenye treki yake.

Ndiyo maana nakuomba: ukishazipata treki nne, mtu asikushawishi kuongeza ngoma mpya. Pale anapokohoa, paache.

Kuhusu binamu. Mnada unalipa jina, haulipi utepe. Mwaka 2018 demo ya 1963 yenye sauti ya David Bowie, aliyekuja kuwa nyota wa rock, akiwa na miaka 16 na bado anaitwa David Jones, iliuzwa Uingereza kwa pauni 39,360. Mpiga dramu wa bendi yao alikuwa ameiweka kwenye kikapu cha mkate. Kampuni ya Decca iliwakataa wakati ule. Lakini wanunuzi walikuwa wanamlipa Bowie aliyekuja baadaye, na baba yako mdogo hakupata hiyo baadaye. Isitoshe, kuwa na kaseti si kumiliki nyimbo. Haki ya tungo ni ya aliyetunga na warithi wake, na katika nchi nyingi inadumu miaka 50 au 70 baada ya kifo chake. Wenzake waliopiga nao wana haki zao. Watafuteni kabla ya binamu hajaandika tangazo.

Mfano ninaoupenda ni wa ndugu wa Hackney wa Detroit. Vijana watatu weusi, rock ya kasi, bendi inaitwa Death. Walirekodi nyimbo saba mwaka 1975. Kampuni ikawataka wabadili jina, kaka yao David akakataa, mambo yakafia hapo. Kabla ya kufariki mwaka 2000, David alimkabidhi mdogo wake Bobby kanda zile na kumwambia azitunze, ipo siku watu watazitafuta. Zilikaa darini. Albamu ilitoka 2009, na waliokuwa wamebaki wakapanda jukwaani tena.

Ukishamgeuza mbele-nyuma, mwite mama asikilize wa kwanza.

SWALI

Fundi, nimeambiwa kanda za zamani zinaokwa kwenye oveni ili zipone. Kaseti zangu nizioke nyuzi ngapi?

Mpenda kanda

JIBU

Sifuri. Wanaooka wanaoka kanda za spuli, hasa zile za miaka ya 1970 na 1980 ambazo gundi yake ilinyonya unyevu hewani ikawa inanata, kama Ampex 456. Na wanatumia kifaa maalumu, nyuzi 54 hivi za Selsiasi, saa nyingi, hewa ikizunguka. Kaseti kwa kawaida hazina ugonjwa huo, na oveni ya jikoni haijui kukaa kwenye nyuzi 54. Utatoa ganda limepinda na utepe umejikunja.