Mafuta yameshuka duniani, sheli mbona bado?

Mwezi huu maswali ya mafuta yamekuja mengi sana, nimechukua manne maana mengine yanafanana.

Swali: Habari za kazi kaka. Mi ni bodaboda, kijiwe changu kipo Msamvu Morogoro. Taarifa ya habari wanasema mafuta yameshuka soko la dunia, nikienda sheli nakuta imepungua shilingi hamsini tu. Huu si wizi kweli?

Jibu: Hapana mdogo wangu, ingawa naelewa kwanini unahisi hivyo. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji Tanzania, wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hiyo inatokana na mafuta yaliyonunuliwa wiki kadhaa nyuma kwa bei za soko la Ghuba ya Uarabuni, yakapakiwa melini yakashushwa Dar, Tanga au Mtwara, kwahiyo ulichokisikia leo kwenye taarifa bado kipo njiani.

Alafu kuna kodi na tozo. Zile kubwa kwetu zinakatwa kwa shilingi kadhaa kwa kila lita, sio kwa asilimia, mafuta yawe ghali yawe rahisi zenyewe zimekaa palepale. Tuchukulie lita ni 3,000, mafuta yenyewe 1,500, iliyobaki ni kodi, tozo, faida ya wauzaji na usafirishaji. Dunia ikishusha bei kwa asilimia 20 wewe unashushiwa 300 tu, yani asilimia 10. Hapo bado shilingi haijayumba, maana dola ikipanda asilimia 10 dhidi yake kipindi hichohicho, ile 1,200 iliyobaki inakuwa 1,320 na punguzo lako linabaki 180.

Na mi naona hii ya dola ndo kubwa kuliko zote ila haizungumzwi. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa kama 2,300, katikati ya 2024 ilishavuka 2,600, kwahiyo hata pipa lingekaa bei moja muda wote huo, wewe ungelipa zaidi. Kibaya zaidi mafuta yenyewe ni kati ya vitu vinavyomeza dola nyingi kwenye nchi zetu, pipa likipanda waagizaji wanazisaka dola kwa nguvu, dola zinaadimika, shilingi inalegea, alafu mafuta yanapanda tena kwa shilingi hata kama duniani yametulia. Kenya walijaribu kuikata hiyo kamba, Aprili 2023 wakaingia mpango wa kuchukua mafuta ya Aramco, ADNOC na ENOC, kampuni za Saudia na Emirati, kwa mkopo wa siku 180 ili presha ya dola ipungue. Presha ilisogezwa mbele, deni la dola halikufutwa, na Julai serikali yao ikapandisha VAT ya mafuta toka asilimia 8 mpaka 16. Septemba mwaka huohuo lita ya petroli Nairobi ikauzwa shilingi 211.64 za Kenya.

Swali: Mimi nina genge Tandika, sina gari wala pikipiki. Kila tenga la nyanya likipanda naambiwa "mafuta mama". Mafuta yanahusiana nini na nyanya?

Jibu: Yanahusiana dada yangu, ila wewe usiangalie petroli, angalia dizeli. Nyanya ya Ilula inakuja Dar kwa Fuso, Fuso inakunywa dizeli, trekta vilevile, na pampu nyingi za kumwagilia ni hizo dizeli au petroli. Ndo maana 2022 vita ya Ukraine ilipopandisha bei serikali ikaweka ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni, wangeacha hivihivi chakula kingepanda zaidi. Ila na madalali nao wanajificha humohumo. Tenga likipanda mwezi ambao dizeli imeshuka muulize vizuri, mara nyingi ni mvua au mzigo umekuwa mchache.

Nauli nayo iliingia kwenye mkumbo huo, Mei 2022 daladala ya mwendo mfupi ilitoka 400 ikawa 500. Dizeli ilipokuja kupoa sikuona 400 ikirudi, na sishangai. Mwenye gari ana tairi, vipuri na marejesho ya mkopo, vyote vilipanda na vikagoma kushuka.

Swali: Niko chuo mwaka wa pili Mwanza. Tunaambiwa mafuta yanaathiri uchumi, je uchumi nao unaathiri mafuta? Na ni kweli kipindi cha korona bei ilikwenda chini ya sifuri?

Jibu: Ni kweli, tarehe 20 Aprili 2020, mafuta ya WTI ya Marekani yalifunga kwenye dola 37.63 chini ya sifuri. Iko hivi, mikataba ya kununua mafuta ya mwezi Mei ilikuwa inaisha kesho yake, na ukibaki na mkataba unatakiwa upokee mapipa kweli, pale Cushing, Oklahoma. Ndege zimepaki, watu wamefungiwa ndani, matenki karibu yote yameshajaa au yameshawekewa oda, basi aliyeshika karatasi bila tenki akawa anamlipa mwenzake amtoe kwenye janga. Ilikuwa mkataba mmoja na siku moja, hakuna sheli iliyokulipa ujaze. OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, na wenzao kina Urusi walikuwa wameshakubaliana kupunguza mapipa milioni 9.7 kwa siku kuanzia Mei, na hapo ndo bei ikaanza kupumua.

Kwahiyo ndiyo, uchumi nao unaathiri mafuta. 2008 ni mfano mzuri zaidi maana athari za pande zote mbili zimo: Julai pipa lilifika dola 147, likazidi kuubana uchumi ambao ulishaanza kuumwa, mabenki yakaanguka, viwanda vikapunguza kazi, ikafika Desemba pipa liko chini ya 40. Miezi mitano tu hiyo. Sisi huku hatuitikisi bei, viwanda vya China vikipunguza uzalishaji au Wamarekani wakipaki magari ndo inatikisika.

Swali: Bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, likianza kazi, sisi wa Tanga tutapata mafuta rahisi?

Jibu: Hapana. Hizo kilomita 1,443 zinapitisha mafuta ghafi, yani hayajasafishwa, tena mazito yenye nta mpaka bomba lipashwe moto ndo yatembee, na yakifika Chongoleani yanapanda meli kwenda kuuzwa nje. Na hata yangebaki nchini, mtambo wa TIPER pale Kigamboni ulishaacha kusafisha mafuta zamani, saivi ni matenki ya kuhifadhia. Mtakachopata ni ajira kiasi, shughuli za bandari, na mgao wa nchi kwenye ada ya kila pipa linalopita, nayo inalipwa kwa dola.