Kusema "Yesu si Mungu" mhadharani: ni kosa la jinai?

Swali: Assalaam alaykum, wakili. Mimi ni fundi mitambo hapa Tanga, nakodisha spika na kurekodi mihadhara ya mlinganisho wa dini. Mwezi uliopita mhadhiri alifungua Biblia, akasoma, akahitimisha kwamba Yesu ni Mtume, si Mungu wala Mwana wa Mungu. Nilikata kipande cha sekunde 40 nikakirusha mtandaoni, juu yake nikaandika "WAKRISTO WAUMBUKA". Sasa mchungaji wa mtaani kwetu amefungua RB, na kituoni naambiwa nimetukana dini. Mimi sikutamka neno hata moja! Na Katiba si inaruhusu mtu kusema anachoamini?

Jibu: Waalaykumu salaam, kijana wangu. Katiba inaruhusu, tena mara mbili. Ibara ya 18 inalinda uhuru wa kutoa maoni, na Ibara ya 19 inalinda uhuru wa kuamini, kubadili dini na kuitangaza. Lakini ukiishia hapo kituoni watakucheka, kwa sababu Ibara ya 30 inaruhusu sheria iweke mipaka ili uhuru wako usiumize haki za wengine na amani ya umma. Swali la kisheria ni wapi mpaka huo umechorwa.

Kwa maneno, umechorwa katika Kanuni ya Adhabu, kwenye kifungu ambacho mawakili tumekizoea kwa namba 129. Kinamhusu mtu ambaye, kwa nia ya makusudi ya kujeruhi hisia za kidini za mwenzake, anatamka neno au kutoa sauti mwenzake akisikia, anafanya ishara mwenzake akiiona, au anaweka kitu mbele ya macho yake. Adhabu haizidi mwaka mmoja jela. Maneno hayo si yetu. Waingereza waliyaandika kwa ajili ya Bara Hindi mwaka 1860, kisha wakayaleta Tanganyika karibu kama yalivyo.

Angalia kifungu kinauliza nini. Hakiulizi kama mchungaji ameumia. Bila shaka ameumia, nami simlaumu. Kinauliza msemaji alikusudia nini. Askari wengi, na hata baadhi ya mahakimu, huteleza hapo hapo: wanaleta shahidi anayelia, wanaona kesi imekwisha.

Jambo hili lilishafika Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Hamisi Rajabu Dibagula dhidi ya Jamhuri. Dibagula alishtakiwa Morogoro kwa kusema kwenye mkutano wa dini maneno yale yale ya mhadhiri wako, kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Mahakama ya Wilaya ikampa miezi 18. Linganisha na ule mwaka mmoja niliokutajia. Waislamu wa Dar es Salaam waliandamana. Mahakama Kuu ikampunguzia adhabu akatoka, ila hatia ikabaki palepale. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ikaifuta na hatia yenyewe, kwa kuwa nia ya makusudi ya kujeruhi haikuthibitishwa. Na ukifikiri, ingekuwaje vinginevyo? Mwislamu anayesema Yesu si Mwana wa Mungu anaieleza dini yake, kama vile Mkristo anayesema wokovu ni kwa Yesu peke yake. Tukiwafunga wote wawili, Jumapili na Ijumaa magereza yatajaa.

Basi nia inaonekanaje? Kwa mazingira. Niliwahi kusimama kwenye kesi ambayo maneno yenyewe yalikuwa ya kawaida kabisa, aya tupu. Kilichotuponza ni spika. Shahidi wa upande wa mashtaka alichora ramani kwenye karatasi ya daftari: uwanja, barabara, kanisa. Akaonyesha kwamba honi mbili kati ya nne ziliwekwa juu ya ukuta, zimeelekezwa dirisha la kanisa, ibada ikiendelea. Nilimuuliza maswali yangu yote kuhusu maneno, naye akawa ananirudisha kwenye honi. Wewe ni fundi mitambo, hilo nakuambia wewe zaidi kuliko mhadhiri. Tena kuvuruga ibada halali ni kosa linalojitegemea, hata kama spika ingekuwa inapiga taarabu.

Sasa kipande chako. Kusema "sikutamka" hakukusaidii sana, kwa sababu aliyeamua sauti ile iwafikie watu wengine ni wewe. Ila mhadhara wa saa tatu una hoja, maswali na majibu, na pengine Wakristo walipewa kipaza sauti wakajibu. Sekunde 40 hazina hayo. Na yale maandishi ya juu si ya mhadhiri, ni yako. "Yesu ni Mtume" ni itikadi. "Wakristo waumbuka" ni kejeli kwa watu, na mwendesha mashtaka ataishika hiyo.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo wakili wako asilisahau. Kifungu cha 138 cha Kenya kinataja pia kuandika. Chetu hakitaji, kinasema kutamka, sauti, ishara na kitu. Kwa hiyo kwa maandishi peke yake tunayo hoja. Lakini usishangilie mapema, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo ina kifungu kinachokataza kumtukana mtu kwa misingi ya dini kupitia mfumo wa kompyuta, na simu yako ni kompyuta. Nikiwa upande wako nitabisha kwamba kejeli si tusi, na kwamba hakuna mtu mahususi aliyelengwa. Siahidi kwamba hakimu atakubali.

Usimwone mkuu wa kituo ni adui. Oktoba 2012 kule Mbagala, baada ya kijana wa miaka 14 kudaiwa kuikojolea Qur'ani, makanisa yalivamiwa na mengine kuchomwa. Polisi aliyeona hayo anakamata kwanza, sheria anaisoma baadaye. Namwelewa, ingawa mahakamani nitampinga.

La kufanya: ondoa kipande mtandaoni, lakini rekodi nzima usiifute, maana huo ndio ushahidi wako. Usiandike maelezo polisi bila wakili. Kosa hili lina dhamana, tafuta mdhamini mapema. Mchungaji hawezi kuifuta kesi peke yake, kwa kuwa mwenye kesi ni Jamhuri, ila akisema mmeelewana jambo hilo lina uzito. Ukienda kwake, nenda na mzee wa mtaa. Mhadhiri mwache nyumbani.