Jibu: Kete zimekamilika lakini kitufe cha kushinda hakitokei

Habari ndugu. Nimekuelewa: umezoea mchezo wa kete wa mahjong kwa mtindo wa Hong Kong, sasa unacheza mtindo wa Kijapani uitwao riichi kwenye simu, una seti nne na jozi, ila programu inakukatalia ushindi.

Angalia kwanza kama ulichukua kete ya mwenzako kwa pon (kukamilisha kete tatu zinazofanana) au chi (kete tatu zinazofuatana). Mchezo wa riichi unadai angalau yaku moja (mpangilio au sharti linaloruhusu ushindi), na ukishachukua hivyo huwezi tena kutangaza "riichi", yaani kwamba imebaki kete moja tu ushinde; tangazo hilo nalo ni yaku. Utaokolewa na seti ya dragoni, kwa mfano, au kete zote ziwe 2 hadi 8, bila kete za upepo wala dragoni. Dora (kete za bonasi) huongeza thamani tu, si yaku. Hapo wengi sana hukwama!

Kama hukuchukua, je, ulitangaza riichi? Kama hapana, huenda ni yaku inayokosekana. Kama ndiyo, tazama ulizotupa. Tuseme unasubiri 3 au 6 ya mianzi, na 6 uliwahi kuitupa: hiyo ni furiten, hata 3 ikitupwa na mwenzako huipati. Ukiivuta mwenyewe, unashinda.

Kwa sasa usichukue kete ya mtu kabla hujajua yaku yako. Na ukirudi meza ya Hong Kong, uliza mapema kima cha chini cha kushinda ni faan (pointi) ngapi. Wengi hucheza 3.