Mlango wa Dereva Haufuati Mingine

SWALI: Gari langu dogo, nililolinunua likiwa limetumika Japani, hufungwa kwa rimoti. Tangu masika mlango wa dereva haufuati mingine: mitatu hujifunga, huo hubaki wazi mpaka niufunge kwa ufunguo. Siku nyingine unakubali. Kioo cha mlango huohuo nacho hugoma mara kwa mara. Fundi anasema ninunue mota ya loki. Pia mlango wa nyuma wa kushoto haufunguki kwa ndani. Je, ninunue mota?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue bado. Kwa kuwa milango mitatu inaitikia, betri ya rimoti haina kosa. Ninachoshuku ni waya, kwa sababu loki na kioo kila kimoja kina mota yake, na ni nadra mota mbili kuanza kugoma kwa pamoja, ilhali umeme wa zote mbili hupita njia moja.

Njia hiyo ni mpira mweusi wenye mikunjo ulio upande wa bawaba, kati ya mlango na bodi. Nyaya zilizomo hukunjwa na kukunjuliwa kila mlango unapofunguliwa, na baada ya miaka mingi shaba hukatika ndani huku ganda la plastiki likionekana zima, kiasi kwamba ncha hugusana au kuachana kutegemea mlango umekaaje. Ndiyo maana siku nyingine loki inakubali. Fungua mlango, washa swichi ya gari bila kuwasha injini, kisha bonyeza swichi ya kioo huku mtu mwingine akiuminya na kuutikisa mpira huo taratibu. Kioo kikishtuka na kusimama kufuatana na mkono wake, umepata chanzo.

Kisipoonyesha dalili, fundi afungue kava la ndani la mlango, achomoe plagi ya mota ya loki, na aunganishe taa ya kupimia kwenye nyaya mbili za mota. Taa ikimweka kwa muda mfupi kila loki inapoamriwa, umeme unafika na mota ndiyo mbovu. Isipomweka, hata mota mpya haitafanya kazi. Kipimo hiki ni cha dakika chache, na ni haki ya mteja kukidai kabla ya kutoa fedha.

Waya uliokatika usisokotwe tu na kuzungushiwa tepu, kwa maana gundi ya tepu hulegea kwa joto na kiungo hukatika tena palepale. Kiungwe kipande kipya cha waya laini wenye nyuzi nyingi, wa unene uleule, na viungo vilehemiwe nje ya sehemu inayokunjwa.

Kuhusu mlango wa nyuma, ufungue kwa nje na utazame ukingoni, karibu na kitasa. Hapo kuna kitufe kidogo cha loki ya watoto, ambacho kikisogezwa, hata kwa bahati mbaya wakati wa kuosha gari, mkono wa ndani hauwezi tena kufungua. Kirudishe. Mlango ukiendelea kukataa, huenda kiungo cha mkono wa ndani kimechomoka. Hilo lishughulikiwe mapema kuliko loki ya dereva, kwa sababu abiria wa nyuma anaweza kuhitaji kutoka haraka.